Dumu la lita 20 na njia ya hewa iliyosahaulika

Pita kwenye bomba la maji mtaani Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, utayakuta madumu ya njano yamepanga foleni. Mengi yalifika dukani yakiwa na mafuta ya kula. Mafuta yakaisha, madumu yakaoshwa, yakaingia kazi ya pili ya kuteka maji. Umbo la dumu, mpini wake wa juu na ujazo wake wa lita 20 vinatokana na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani miaka miwili kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Kabla ya dumu tulikuwa na debe. Kampuni za mafuta zilisafirisha mafuta ya taa kwenye makopo ya bati ya galoni nne, yaani kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Huku kwetu debe halikutupwa. Lilitekewa maji, lilipimiwa mahindi kama linavyopimiwa mpaka leo, na likichoka lilikunjuliwa likawa paa au ukuta wa nyumba. Kwa kazi hizo lilitosha kabisa. Balaa lilikuwa kulitia petroli, kulipakia kwenye lori na kulikimbiza jangwani, na hivyo ndivyo Waingereza walivyofanya walipopigana Afrika Kaskazini kuanzia 1940. Bati lilikuwa jembamba, mishono ikafumuka, petroli ikachuruzika njia nzima. Jenerali Auchinleck, aliyeongoza majeshi hayo, alikadiria kwamba asilimia 30 ya mafuta ilipotea kati ya ghala na mtumiaji. Askari waliyakata madebe hayo nusu, wakatia mchanga na petroli, wakapata jiko la kuchemshia chai.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hilo. Mwaka 1937 mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kiwanda cha Müller alisanifu kopo la chuma la lita 20 ambalo kila sehemu yake ilifikiriwa. Lilikuwa la vipande viwili vilivyobonyezwa kwa mashine na kulehemiwa pamoja, mshono ukazama ndani kidogo usigongwe. Ubavuni lilichorwa mifereji inayokutana katikati ili chuma kitanuke jua likiwaka bila kupasuka. Juu lilikuwa na mipini mitatu: anayebeba kopo lililojaa hushika wa katikati, wawili wakisaidiana, kila mmoja hushika wa upande wake, na makopo mawili matupu hushikwa kwa mkono mmoja.

Lakini uzuri wake hasa uko mdomoni. Mdomo ni mfupi, una mfuniko wenye komeo la kubana, unafunguliwa kwa kidole bila spana. Na ndani ya mdomo huo umepita mrija mwembamba unaokwenda hadi kwenye nafasi ya hewa iliyoachwa juu, chini ya mipini.

Mrija huo ndio siri yote. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Tundu likiwa moja, vitu hivyo viwili vinapokezana mlango: petroli inatoka kidogo, shinikizo la hewa ndani linashuka, hewa ya nje inajipenyeza kwa nguvu, mkondo unakatika, kisha petroli inaruka tena. Gudu, gudu, gudu. Hapo ndipo inapomwagika chini na kwenye nguo. Hewa ikipewa njia yake, mkondo unashuka laini hadi tone la mwisho, na faneli haina kazi.

Waingereza waliokuwa wakiyateka makopo hayo vitani waliyathamini kuliko yao wenyewe, wakayaita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Marekani ilikuwa na nafasi ya kuyajua mapema. Mhandisi wake, Paul Pleiss, alisafiri kwa gari kutoka Berlin kwenda India mwaka 1939 pamoja na mwenzake Mjerumani, wakiwa na makopo matatu ya aina hiyo. Aliporudi kwao aliwaeleza wakubwa wa jeshi, wasimsikilize. Baadaye walipoamua kuiga, waliiga nusunusu: ukubwa na mipini wakaviacha vilevile, ila mshono wa kulehemu wakaubadilisha kuwa wa kukunjwa, na mfuniko wa komeo ukawa wa kuzungusha, unaohitaji spana na mdomo wa kuchomeka. Waingereza walitoa nakala iliyo karibu zaidi na asili, na mwaka 1944 mamilioni ya makopo yalipeleka petroli Ufaransa nyuma ya vifaru. Mengi yalitupwa kando ya barabara, hata watoto wa shule wa Ufaransa wakaahidiwa zawadi ili wayakusanye.

Vita vilipokwisha, kopo likageuka plastiki, likawa jepesi na rahisi kununua, likasambaa duniani. Lita 20 zikabaki, mpini ukabaki, mrija wa hewa ukapotea. Naliona hilo kuwa kosa kubwa, kwa sababu anayelipia ni mama au mtoto aliyebeba kilo 20 kutoka kisimani, halafu anaona sehemu ya maji hayo ikimwagika sakafuni wakati wa kumimina. Kuongeza tundu dogo la hewa lenye kizibo, upande ulio mbali na mdomo, hakuhitaji uvumbuzi mpya. Wenye viwanda vya madumu hapa kwetu wairudishe njia hiyo ya hewa.

Wakati tunasubiri, limimine dumu lako ukiwa umeligeuza mdomo uwe upande wa juu, mbali na chombo unachojaza, kisha ulilaze polepole. Hewa itapita juu ya maji, nayo yatatoka bila kuruka.