Gita la zamani la Likasi na mafundi wake wa nyumbani

Mwaka wa 1952, Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alifika Jadotville na mashine yake ya kurekodi. Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Huko alimkuta kijana wa miaka 22 hivi, Jean-Bosco Mwenda, wa ukoo wa Bayeke. Kijana alipiga gita kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulitoka Katanga ukafika mbali: Nairobi, Ulaya, hata Marekani, ambako mwenyewe alipiga kwenye tamasha la Newport mwaka wa 1969.

Muziki huo ulizaliwa katika makambi ya wafanyakazi wa migodi. Union Minière iliwaleta watu kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Gita lilipendwa kwa sababu moja rahisi: mtu mmoja anatosha kuwa orkestra, na halihitaji umeme.

Lakini gita likivunjika, nani atalitengeneza? Mwenyewe, nyumbani. Kamba ikikatika na duka halina nyingine, watu walifungua waya wa freni ya kinga, wakachukua uzi mmoja wa chuma. Kapo ilikuwa kalamu ya risasi iliyofungwa shingoni kwa kamba. Mambo hayo hayakuwa mchezo wa watoto. Wapigaji wakubwa walipita humo humo.

Kisha likaja jambo ambalo wazee wa Likasi hawasahau. Mwaka wa 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Zililala wiki na wiki kwenye stesheni ya gari la moshi, zikingoja kupelekwa jimbo ambalo watoto wao wengi hawakuwahi kuliona. Ni mji ule ule wa Mwenda, miaka 40 baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, mwaka wa 1990.

Familia iliyokimbia inajua kinacholipata gita njiani. Mvua inaingia, kole inalegea, kisha kiangazi kinakausha ubao mpaka unapasuka. Ugonjwa wa kwanza ni kidaraja kinachoshika kamba: kinabanduka. Hapo usipige msumari, kosa hilo limeua magita mengi. Legeza kamba zote, kwangua kole ya zamani mpaka mbao zionekane, paka kole ya seremala, weka jiwe zito juu ya kipande cha ubao, uache siku nzima. Ufa wa kifuani unazibwa kwa ndani, kwa kipande chembamba cha mti kinachobandikwa kuukatiza.

Kama kamba ziko juu mno na vidole vinaumia, punguza kile kijiti cha mfupa kinachokaa kwenye kidaraja. Hapa hesabu ni muhimu: kushusha kamba milimita 1 katikati ya urefu wake, unakwangua milimita 2 za mfupa. Kwangua kidogo, jaribu, kwangua tena. Mfupa ukizidi kuwa mfupi, tafuta mwingine. Wa ng'ombe unafaa, ukishachemshwa na kukauka.

La mwisho ni kamba. Gita lililotengenezwa kwa kamba za nailoni hubeba mvuto wa kilo 40 hivi. Za chuma zinavuta karibu 70. Ukilivika chuma kwa sababu sauti yake ni kubwa, litaimba vizuri miezi michache, halafu kidaraja kitaruka na kazi yote ya kole itaanza upya. Na kama hakuna nailoni sokoni, tumia chuma, lakini ikaze chini kuliko kawaida na uweke kalamu shingoni ili sauti ipande. Ukimaliza kupiga, zilegeze kabla ya kulala.