Valborg ya Uppsala na Neno Masika
Kila tarehe 30 Aprili wanafunzi wa Uppsala, Uswidi, huuaga msimu wa baridi kwa sikukuu ya Valborg. Jina latokana na Mtakatifu Walburga, mtawa Mwingereza wa karne ya 8. Tangu 1975 hushindana asubuhi kwa vyelezo vya kujiundia katika mto Fyris. Saa tisa alasiri hupunga kofia nyeupe penye maktaba ya Carolina Rediviva. Usiku huota mioto mikubwa.

Chuoni humo Abdulaziz Lodhi wa Zanzibar alisomesha Kiswahili. Basi sikukuu hii tuiiteje? Wapo wanaoandika “ya masika”. Lakini masika ni mvua! Hata kwetu Arua Aprili ni mwezi wa kupanda, si wa theluji kuyeyuka. Afadhali “majira ya kuchipua”, japo ni refu.