Siku Moja ya Redio ya Maneno: Nafasi ya Mchezo wa Kuigiza katika Ratiba ya BBC Radio 4

Redio ya maneno, yaani idhaa ambayo kutwa hutangaza habari, mazungumzo, michezo ya kuigiza na mijadala ya sanaa badala ya muziki, kwa kawaida hupimwa kwa kipindi kimoja kimoja, kana kwamba kila kipindi kinasimama peke yake. Makala hii inashikilia kwamba kipimo hicho kina kasoro, kwa kuwa thamani ya idhaa ya namna hii imo zaidi katika mfuatano wa vipindi vyake ndani ya siku, na kwamba mchezo wa redio, ambao ni fani yenye gharama kubwa na watetezi wachache, hustawi kwa shida sana nje ya mfuatano huo. Mfano unaochunguzwa ni BBC Radio 4 ya Uingereza, iliyoanza kwa jina hilo tarehe 30 Septemba 1967 ikirithi kazi za Home Service, idhaa iliyozaliwa vita vikuu vya pili vilipozuka mwaka 1939.

Kwa saa za Uingereza, asubuhi hutawaliwa na Today, kipindi cha habari kilichoanza mwaka 1957 ambacho mawaziri huhojiwa humo bila kuonewa haya. Lakini ifikapo saa tatu, msikilizaji yule yule aliyefungulia redio ili ajue mambo ya bungeni hujikuta, kila Alhamisi, mbele ya wanazuoni watatu wanaojadili falsafa ya Kigiriki au maisha ya nyota katika In Our Time, kipindi alichokiongoza Melvyn Bragg kuanzia mwaka 1998 hadi 2025. Saa nane na robo mchana, kwa miaka mingi imekuwa zamu ya mchezo wa kuigiza wa dakika 45. Saa moja na robo usiku Front Row huzungumzia vitabu, filamu na maonyesho. Na kuelekea saa tano usiku riwaya husomwa kwa sehemu, kabla ya utabiri wa hali ya hewa kwa mabaharia. Ni wachache mno wanaosikiliza yote hayo, na haihitajiki wayasikilize, kwa sababu jambo la msingi ni kwamba kila kipindi hurithi masikio ya kile kilichokitangulia.

Anayefaidi urithi huo kuliko wote ni mwandishi wa mchezo wa redio. Fani yake haina jukwaa, haina maleba, wala haina uso wa mwigizaji. Inayo sauti ya binadamu, milio ya vitu, muziki na ukimya, na kwa nyenzo hizo humtaka msikilizaji ajijengee mandhari mwenyewe. Richard Hughes aliling'amua hilo mapema katika Danger, mchezo uliorushwa Januari 1924 na ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kwanza kuandikwa mahsusi kwa redio ya Uingereza: wahusika wamo ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zimezimika, na hivyo wao na msikilizaji wanashiriki giza moja. Kile kilichodhaniwa kuwa upungufu wa chombo kikawa ndiyo hali yenyewe ya hadithi. Mwaka 1957, katika Third Programme, idhaa nyingine ya shirika hilohilo, Samuel Beckett aliwafanya wasikilizaji wamsikie mwanamke mzee akijikokota kwenda stesheni kumpokea mumewe kipofu. Katika utayarishaji wa mchezo huo, All That Fall, hata wanyama waliigizwa kwa sauti za watu. Mwaka uliofuata BBC ilifungua Radiophonic Workshop, karakana ya kubuni sauti kwa mitambo ya kielektroniki. Ugumu wa fani, kwa maneno mengine, ulizaa ufundi.

Yapo pia mafunzo yanayopenya kupitia hadithi ya kila siku. The Archers, mchezo wa mfululizo kuhusu kijiji cha kubuni cha Ambridge, ulianza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951 kwa ushauri wa wizara ya kilimo, wakati chakula kilipokuwa bado kinagawiwa kwa mgao, ili wakulima wapate maarifa ya kuongeza mavuno. Zaidi ya miaka 60 baadaye mchezo huohuo ulisimulia polepole, kwa miezi mingi, jinsi Helen alivyodhibitiwa na kudhalilishwa na mumewe Rob, na mwendo huo wa polepole ndio uliowafanya wasikilizaji watambue ukatili usioacha alama mwilini. Wasikilizaji wa Tanzania wanaijua nguvu hiyo kupitia Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993, ambamo dereva wa lori Mkwaju alibeba onyo kuhusu UKIMWI bila mtu kuhubiriwa.

Wapo wanaosema kwamba ratiba imepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kila kipindi hupatikana kwenye simu kwa saa anayoitaka mtu, hasa tangu BBC ilipozindua programu yake ya BBC Sounds mwaka 2018. Hoja hiyo ina uzito kwa anayefanya kazi za zamu, na haifai kubezwa. Hata hivyo, mtu anayechagua huelekea kuchagua anachokijua tayari, ilhali mchezo wa mwandishi asiyefahamika humfikia msikilizaji ambaye asingeutafuta kamwe. Aidha, saa iliyotengwa hulazimisha shirika litafute miswada ya kuijaza. Tom Stoppard, kabla jina lake halijavuma kwa Rosencrantz and Guildenstern Are Dead mwaka 1966, aliiandikia redio ya BBC michezo ya dakika 15 mwaka 1964, alipokuwa bado hana jina katika tamthilia, na mlango huo ulikuwa wazi kwa sababu palikuwa na nafasi ya usiku iliyosubiri kazi mpya.