Upanga wa Yoshua Mikononi mwa Wakristo

Msomaji wa Biblia anayefika kwenye Kitabu cha Yoshua hukutana na jambo zito. Katika sura ya 6 kuta za Yeriko zinaanguka na wakazi wanauawa, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa Rahabu na jamaa yake. Katika 1 Samweli sura ya 15, Sauli anakataliwa asiwe mfalme kwa sababu hakuwaangamiza Waamaleki wote kama alivyoamriwa. Alimwacha hai mfalme Agagi pamoja na mifugo iliyonona. Kiebrania kina neno la tendo hili: herem, yaani kuwekwa wakfu kwa Mungu kwa njia ya kuangamizwa. Je, wafuasi wa Yesu, aliyefundisha kuwapenda maadui, wameyaelewaje maandiko haya? Katika insha hii ninaangalia majibu manne na kuyapima kwa swali moja: je, jibu hilo linamzuia mtu asidai kwamba amri ile amepewa yeye?

Jibu la kwanza ni la Marcion, mzaliwa wa Sinope katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliona kwamba Mungu wa vita hawezi kuwa Baba wa Yesu, kwa hiyo akalikataa Agano la Kale lote. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Jibu lake linauondoa upanga, lakini kwa gharama kubwa: manabii waliotetea wajane na yatima wanatupwa pamoja na Yoshua, na Mungu wa Wayahudi anafanywa kuwa wa daraja la chini.

Jibu la pili ni la Origen, mwalimu wa karne ya 3. Katika hotuba zake 26 juu ya Yoshua, alifundisha kwamba Yoshua ni kivuli cha Yesu, kwani kwa Kigiriki majina yao ni mamoja. Miji inayobomolewa ni dhambi zilizomo moyoni mwa mwamini. Kwake, Mkristo hana Mkanaani wa kumuua isipokuwa hasira na tamaa zake mwenyewe. Jibu hili linafaulu kipimo changu, ila lina upungufu mmoja: watu wa Yeriko wanatoweka. Wanakuwa mfano tu, na swali la kama waliuawa kwa haki haliulizwi tena.

Augustino hakulikwepa swali hilo. Alipomjibu Faustus Mmanikea, yapata mwaka 400, alisema kwamba Mungu hawezi kuamuru uovu, na anayetii amri Yake katika vita hana hatia. Wakanaani, kwa maelezo yanayotegemea Mwanzo sura ya 15, waliadhibiwa baada ya kuvumiliwa kwa vizazi vingi. Calvin alifuata njia hiyo hiyo katika karne ya 16, na hadi leo ndiyo maelezo tunayoyasikia zaidi makanisani: ilikuwa hukumu ya pekee, ya wakati wake.

Udhaifu wa jibu hili ulionekana Valladolid, Hispania, mwaka 1550 na 1551. Juan Ginés de Sepúlveda alitetea vita dhidi ya wenyeji wa Amerika akisema kwamba ibada zao za sanamu na kafara za binadamu ziliwafanya wastahili adhabu kama Wakanaani. Bartolomé de las Casas, padri Mdominiko aliyewahi kuwa askofu wa Chiapas, alimpinga. Alisema amri ile iliwahusu watu wale tu na nchi ile tu; haikutolewa iwe mfano wa kuigwa. Wote wawili waliamini kwamba Mungu aliamuru vita vya Yoshua. Tofauti yao ilikuwa hii: mmoja aliiona amri kama kanuni, mwingine kama tukio lililokwisha.

Jibu la nne limetokana na uchimbaji. Jiwe la farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, linajigamba kwamba Israeli imeangamizwa kabisa, na sisi sote tunajua haikuangamizwa. Katika jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK, neno lile lile la herem linatumika dhidi ya Waisraeli, kwa ajili ya mungu wa Moabu. Biblia yenyewe, katika Waamuzi sura ya 1, inataja miji ambamo Wakanaani walibaki. Kwa hiyo wasomi wengi Wakristo husema kwamba Yoshua inazungumza lugha ya kivita ya zama zake, lugha ya kutia chumvi. Maelezo haya yanapunguza idadi ya waliouawa. Hata hivyo hayaifuti amri, na mtoto mmoja wa Yeriko anatosha kulifanya swali libaki.

Kwetu Uganda swali hili halikuishia vitabuni. Mwaka 1986 Alice Auma alitangaza kwamba roho iliyoitwa Lakwena imemwamuru kupigana. Wafuasi wake walifika karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwaka 1987. Baada yake Joseph Kony alidai kutaka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi, huku jeshi lake likiteka watoto kwa maelfu. Sisemi kwamba walijifunza vita kutoka kwa Yoshua. Ninachosema ni kwamba anayedai kuwa Mungu amemwagiza kuua hawezi kuzuiwa na mafundisho yanayosema tu kuwa anayetii hana hatia.

Kwa maoni yangu, Las Casas ndiye aliyelinda jambo lililo muhimu zaidi. Hakuyatupa maandiko kama Marcion, wala hakuhitaji kuwageuza Wakanaani kuwa dhambi za moyoni ili awatetee watu waliokuwa wanakufa wakati wake. Aliufunga mlango ambao Augustino aliuacha wazi. Mkristo anaweza kubaki na fumbo la Yeriko bila kupata ufumbuzi kamili. Asichoweza ni kumtazama jirani yake na kumwita Mkanaani.