Elimu Iliyozuiliwa: Tarikhi ya Linux katika Kompyuta Mpakato

Mwanzo wa habari hii hauko kwenye kompyuta mpakato, bali kwenye printa iliyokuwa ikikwama karatasi kila mara katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, karibu na mwaka 1980. Printa hiyo ilikuwa hidaya ya kampuni ya Xerox, na mtunga programu mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, alitaka kuiongezea maagizo machache ili karatasi inapokwama wale wanaongojea kazi zao wapate taarifa papo hapo mezani pao. Kwa printa iliyotangulia alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo. Lakini safari hii kampuni haikutoa msimbo wa programu, na alipomwendea mtafiti wa chuo cha Carnegie Mellon ambaye alikuwa nao, mtafiti yule alimkatalia, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wenye azma ya kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao kila atakaye ataruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mimi nashikilia kwamba anayetaka kufahamu kwa nini laptopu nyingi, baada ya kusakinishwa Linux, zilikataa kulala, kutoa sauti au kushika mtandao, sharti aanzie kwenye printa ile, kwa kuwa kisa ni kile kile: elimu ya kifaa imebaki mikononi mwa aliyekiuza, ilhali aliyekinunua amepewa umbo lake tu.

Kifaa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, kiwe kadi ya sauti au chipu ya waifai, hakielewi matakwa ya mwanadamu; kinachoelewa ni tarakimu zilizoandikwa mahali maalumu, kwa utaratibu maalumu, na pengine kwa kungojea muda maalumu baina ya tarakimu moja na ya pili. Programu ndogo inayoujua utaratibu huo ndiyo iitwayo draiva, na mwenye kuiandika hana budi ama awe na kitabu cha maelezo cha mtengenezaji, ama awe na stahamala ya kukipeleleza kifaa mpaka kitoe siri zake. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoutangaza mfumo wake, ambao ndio ulioitwa Linux, tarehe 25 Agosti 1991, alieleza waziwazi kwamba huenda usitumie kamwe diski za aina nyingine ila zile za AT, madhali hizo ndizo alizokuwa nazo. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka mingi iliyofuata: kifaa kilifanya kazi katika Linux pale ambapo mtu mwenye ujuzi alikimiliki na akakerwa na ububu wake. Mwenye kompyuta ya mezani alikuwa na nafuu, maana kadi isiyokubali aliichomoa akanunua nyingine. Mwenye laptopu hakuwa na hiari hiyo. Sehemu zake zimelehemiwa kwenye ubao au zimebanwa mahali pembamba, na aghalabu jina la chipu halikuandikwa popote kwenye sanduku, hata ikawezekana laptopu mbili za modeli moja, zilizonunuliwa duka moja, ziwe na chipu za waifai za kampuni mbalimbali.

Katika miaka ya 1990 taabu zilikuwa za namna nyingine. Mtandao uliingia katika laptopu kwa kadi nyembamba za PCMCIA zilizochomekwa ubavuni, na ni David Hinds aliyeandika na kuitunza kwa miaka mingi programu ya kuzitambua kadi hizo, wakati Donald Becker, aliyekuwa katika kituo cha Goddard cha NASA, aliandika draiva za kadi za Ethernet moja baada ya nyingine, hata jina lake likawa linaonekana kwenye skrini kila kompyuta ilipowaka. Modemu za bei nafuu zilizotokea mwishoni mwa miaka hiyo zilikuwa balaa mahususi: mtengenezaji alipunguza gharama kwa kuiondoa ndani ya modemu kazi ya kutafsiri sauti za simu na kuitwika kompyuta yenyewe, kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, hivyo kwamba mwenye Linux alibaki na kidude kisichoweza hata kupiga simu.

Lakini hakuna jambo lililowatesa watu kuliko usingizi wa mashine. Kufunga kifuniko, kuondoka, na kukifungua baadaye kazi ikiwa palepale ilipoachwa, ndiyo fadhila kubwa ya laptopu, na mwanzoni fadhila hiyo haikuwa ngumu kuipata. Chini ya utaratibu wa APM, uliowekwa na Intel na Microsoft mwaka 1992, mfumo endeshi uliiomba tu baiosi, yaani programu ya kuwashia iliyowekwa kiwandani ndani ya mashine, ilale, nayo baiosi ikazima kila kitu kwa ujuzi wake. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa utaratibu mpya uitwao ACPI, ambao uliuhamishia mfumo endeshi mzigo wote. Kila mtengenezaji akatakiwa kutia ndani ya mashine majedwali yanayoeleza, kwa lugha maalumu, habari za betri, feni, kifuniko na vitufe. Kwa nadharia ulikuwa mpango wa insafu, kwa sababu elimu ya mashine ingekuwa imeandikwa ndani ya mashine yenyewe, wazi kwa mfumo wowote. Kwa vitendo watengenezaji wengi waliyajaribu majedwali yao kwa Windows tu, na makosa ambayo Windows iliyavumilia wala hawakuyaona. Fauka ya hayo, majedwali mengi yaliuliza kwanza jina la mfumo unaoyasoma, kisha yakatoa jibu kulingana na jina. Na kwa vile njia iliyojaribiwa kiwandani ilikuwa ile ya Windows, kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo inayoviendesha vifaa, kilifikia uamuzi wa kujibu kwamba chenyewe ni Windows. Barua ya Bill Gates wa Microsoft ya Januari 1999, iliyotolewa baadaye kuwa ushahidi katika kesi jimboni Iowa, inaonyesha kwamba yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza kama ACPI isingeweza kufungamanishwa kwa namna fulani na Windows. Sidai kwamba barua hiyo ndiyo iliyoleta taksiri za viwandani. Uvivu na haraka ya soko vilitosha.

Watu wa Linux wakajifunza kuyatoa majedwali yale katika mashine zao, kuyafumbua, kuyasahihisha mstari kwa mstari, na kuyarudisha katika kiini ili yasomwe badala ya yale ya kiwandani. Na hata pale mashine ilipolala salama, iliamka mara nyingi ikiwa na skrini nyeusi, ingawa diski ilisikika ikizunguka na kibodi ilipokea amri. Sababu yake ni kwamba chipu ya picha inapoamka imesahau mipangilio yake, na katika Linux ya zamani kiini hakikuwa na mamlaka juu ya skrini. Mamlaka hayo yalikuwa ya programu nyingine iitwayo X, inayochora madirisha kwenye skrini, ambayo haikujua kwamba mashine ilikuwa imelala. Matthew Garrett akaandika kifaa kidogo cha kuiamsha chipu kwa kuendesha upya msimbo wake wa kiwandani, na kikaokoa laptopu nyingi, japokuwa ilikuwa tiba ya kubahatisha. Tiba ya kweli ilikuja Machi 2009, pale toleo 2.6.29 la kiini lilipochukua lenyewe kazi ya kupanga skrini, likianzia kwa chipu za Intel. Ni kazi isiyotajwa sana, lakini katika rai yangu inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za ufundi wa programu wa zama zile, kwa kuwa iliacha viraka na kulirekebisha kosa mahali lilipozaliwa.

Waifai ndiyo iliyoufichua ubahili wa elimu bila pazia. Machi 2003 Intel ilileta laptopu za Centrino, na kuanzia hapo mtandao usio na waya ukawa jambo la lazima. Ila draiva ya Linux kwa chipu yake haikuwapo siku ile, ikaanza kupatikana mwaka uliofuata. Kampuni nyingine zilikuwa nzito zaidi. Hoja yao iliyosikika sana ni kwamba redio inatawaliwa na sheria, na kwamba mtumiaji akipewa msimbo ataweza kutuma kwa masafa yaliyokatazwa au kwa nguvu kupita kiasi. Hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu, walakini ilitumiwa kuficha hata yale ambayo sheria haikuyagusa. Mwaka 2003 likatokea suluhisho la ajabu liitwalo ndiswrapper, lililoichukua draiva ya Windows nzima nzima na kuiendesha ndani ya Linux kwa kuidanganya kwamba iko nyumbani kwake. Watu wengi walilishukuru, na wengine wakalichukia, kwa kuwa liliwaondolea watengenezaji sababu ya kutoa draiva halali.

Chipu za Broadcom, zilizojaa katika laptopu za miaka hiyo, zilifunguliwa kwa njia ya heshima zaidi. Kundi moja la watu wa kujitolea liliipasua programu iliyofungwa ya kampuni hiyo, likaandika kwa lugha ya kawaida maelezo ya kila ilichoonekana kukifanya. Kundi la pili, ambalo halikuiona programu yenyewe, likayasoma maelezo hayo na kuandika draiva mpya, ili mtu asije akadai mahakamani kwamba msimbo umenakiliwa. Draiva hiyo iliingia katika kiini mwaka 2006. Bado ilibaki dhiki moja: chipu yenyewe inahitaji programu yake ya ndani kila inapowaka, na programu hiyo haikuwa na idhini ya kugawanywa pamoja na Linux, basi mtumiaji alitakiwa kuikata mwenyewe kutoka katika draiva ya Windows, aliyopaswa kuipakua mtandaoni, kwa laptopu ambayo haikuweza kuingia mtandaoni mpaka iipate.

Penye waya wa mtandao ukutani, hilo lilikuwa usumbufu wa robo saa. Kwetu Afrika Mashariki lilikuwa zito zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi zinazosema Kiswahili. Na Oktoba mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambayo sidi zake zilipelekwa kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani, hadi mwaka 2011. Hivyo mtu aliweza kuwa na mfumo mzima mkononi, na Kiswahili kwenye skrini, huku chipu moja ya laptopu yake ikimzuia kuyafikia mengine yote. Nadhani ndiyo maana mafundi wengi wa Kariakoo na Nairobi wanaosakinisha Linux huzipenda laptopu za mitumba kuliko mpya: mashine iliyokwisha kutumika miaka kadhaa Ulaya imewapa waandishi wa draiva muda wa kuimaliza kazi, hasa zikiwa ThinkPad, ambazo waandishi wenyewe walizitumia.

Mabadiliko yalikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa waandishi wa kiini, alizitangazia kampuni zote kwamba yeye na wenzake wangeziandikia draiva bila malipo, na hata kutia sahihi ahadi za siri ikibidi, mradi zitoe maelezo ya vifaa vyao. Mei mwaka huo Dell ikaanza kuuza kompyuta zilizokwisha kuwekwa Ubuntu. Julai 2008 Atheros ikatoa draiva yake ya ath9k kwa msimbo ulio wazi, na Septemba 2010 Broadcom ikafuata. Kampuni hizo hazikuongoka ghafla; Linux ilikuwa imekwisha kutwaa seva za ulimwengu na ilikuwa ikiingia katika simu za Android, na anayeuza chipu huko hawezi kuendelea kuiona kama mgeni. Nvidia, mtengenezaji wa chipu za picha, ilikawia sana, hata Juni 2012 Torvalds aliitolea maneno makali na ishara ya kidole hadharani katika Chuo Kikuu cha Aalto. Sehemu ya kiini ya draiva zake iliwekwa wazi Mei 2022.

Oktoba mwaka huo huo wanachama wa Debian, mradi wa kujitolea unaotoa mfumo kamili wa Linux, ambao kwa muda mrefu waliziweka kando programu za ndani ya vifaa zisizo na msimbo wazi, walipiga kura kuziingiza katika sidi rasmi ya kusakinishia, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Wako wanaouhesabu uamuzi huo kuwa ni kushindwa. Mimi nauona kuwa ni rehema kwa mtu mwenye laptopu moja na asiye na waya, ingawa nakubali kwamba elimu iliyomo ndani ya chipu zile imebaki imefungwa kama ilivyokuwa.

Na kazi ya kupeleleza haijaisha. Apple ilipotoa laptopu zenye chipu ya M1 Novemba 2020, iliacha njia ya kuwasha mfumo mwingine, lakini haikutoa kitabu cha maelezo ya vifaa vilivyomo. Hector Martin akaanzisha mradi wa Asahi ili Linux iendeshwe kwenye mashine hizo, na kwa programu inayokaa chini ya mfumo wa Apple wenyewe, ikiandika kila tarakimu inayopelekwa kwa kila kifaa, yeye na wenziwe, akiwamo Alyssa Rosenzweig aliyeshughulikia chipu ya picha, wakazijenga draiva moja moja kutokana na walichokiona. Spika ndizo zilizohitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa katika mashine zile ni mfumo endeshi unaozilinda zisiungue kwa sauti kubwa. Wanamradi hawakuziruhusu zitoe sauti mpaka walipoandika programu inayokadiria wakati wote joto la koili ya kila spika na kupunguza nguvu kabla ya madhara. Ndipo zikafunguliwa, modeli moja baada ya nyingine, kila moja baada ya kupimwa.