Kuvuna data: bei ya mahindi inafikaje kwenye simu yako?

Kila msimu wa mavuno, wasikilizaji wetu hupokea bei za mazao kupitia meseji, programu za simu na makundi ya WhatsApp. Dalali naye huja na bei yake, na mara nyingi hazilingani. Katika makala haya tunaeleza namna kompyuta inavyochukua bei kutoka kwenye tovuti na kuzileta kwako, mahali inapoweza kukosea, na namna njia hiyohiyo inavyoweza kutumiwa kukutapeli.

Kuvuna data ni nini?

Ni kuandika programu ya kompyuta inayofungua kurasa za tovuti yenyewe, kutafuta taarifa fulani ndani yake, na kuzihifadhi kwa mpangilio ili zitumike kwa kazi nyingine. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mkono: afungue ukurasa, asome bei, aandike kwenye daftari. Tofauti ni kasi. Kurasa 500 zinaweza kummaliza mtu siku kadhaa, lakini programu huzipitia kwa dakika chache na kesho yake hurudia bila kuchoka.

Kazi hii si ngeni. Google hukuletea majibu haraka kwa sababu programu zake zimeshapita kwenye mabilioni ya kurasa kabla hujauliza. Shirika la Internet Archive la Marekani limekuwa likihifadhi nakala za kurasa za tovuti tangu mwaka 1996, ndiyo maana ukurasa uliofutwa na mwenyewe wakati mwingine bado unaweza kupatikana huko.

Inafanyikaje?

Ukifungua tovuti kwenye simu, simu yako inatuma ombi kwa kompyuta nyingine inayoitwa seva, ambako kurasa za tovuti hiyo zimewekwa. Seva inajibu kwa kutuma maandishi yaliyoandikwa kwa lugha ya HTML. Ndani yake kuna maneno unayoyasoma, pamoja na alama zinazoiambia simu: hiki ni kichwa cha habari, hili ni jedwali, huu ni mstari wa jedwali, hiki ni kisanduku kimoja. Simu inazifuata alama hizo na kukuchorea ukurasa. Wewe unaona ukurasa tu, alama huzioni.

Programu ya kuvuna data inatuma ombi lilelile na inapokea maandishi yaleyale, ila haichori chochote. Inazitafuta zile alama. Mstari wa jedwali hutambulishwa kwa herufi "tr", na kisanduku kwa "td". Kwa hiyo mwandishi wa programu anaiagiza: tafuta jedwali, pita mstari kwa mstari, kisanduku cha kwanza kichukue kama jina la soko, cha pili bei ya chini, cha tatu bei ya juu. Kisha andika pamoja na tarehe ya leo.

Wengi hutumia lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Kuna pia zana ya bure inayoitwa Beautiful Soup, iliyoanza mwaka 2004, ambayo kazi yake ni kuchambua alama hizo. Kijana aliyejifunza Python kwa miezi michache anaweza kuandika programu ya namna hii kwa mistari isiyozidi 20.

Data gani zinavunwa kwetu?

Nchini Tanzania, wizara inayoshughulikia biashara hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula kutoka masoko ya mikoa, kwa gunia la kilo 100. Kenya ina mfumo wa KAMIS, ambao tovuti yake inaonyesha bei za mazao na mifugo soko kwa soko. Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango vya kubadilisha fedha.

Matokeo ya mitihani ni mfano mwingine. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka mtandaoni ukurasa wa kila shule. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Lakini kwa kuwa kurasa za shule zipo wazi, mtu mwenye programu anaweza kuzipitia zote na kujumlisha mwenyewe. Ndiyo maana ukiona orodha ya "shule bora" inazunguka kwenye simu, uliza kwanza ni nani aliyeipanga na kwa kigezo gani.

Inakosea wapi?

Programu haielewi inachosoma, inafuata maagizo tu. Wenye tovuti wakiongeza safu moja kwenye jedwali, safu iliyokuwa ya bei ya juu inaweza kuwa sasa ya bei ya chini, na programu itaendelea kuisoma kama bei ya juu bila kushtuka. Tovuti isiposasishwa, programu italeta bei ya wiki mbili zilizopita ikiwa na tarehe ya leo. Taarifa zikiwekwa kama PDF iliyopigwa picha, kompyuta inalazimika kukisia tarakimu, na 8 inaweza kusomwa kuwa 3.

Kosa linaloumiza zaidi ni la kipimo. Tuseme bei iliyovunwa ni shilingi 63,000 kwa gunia. Ikiwa gunia hilo ni la kilo 90, kama lilivyo kawaida Kenya, kilo moja ni shilingi 700. Ukidhani ni gunia la kilo 100, utahesabu kilo moja kuwa shilingi 630. Mkulima wa magunia 20 ya kilo 100 atakuwa amepoteza shilingi 140,000 kwa hesabu hiyo moja. Na mnunuzi akikushindilia lumbesa juu yake, hasara inaongezeka.

Je, ni halali?

Inategemea unachochukua na unavyokichukua. Bei za soko zilizotangazwa kwa umma hazimhusu mtu binafsi. Hata hivyo kuna adabu zake. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza kila tovuti iweke faili liitwalo robots.txt, linaloziambia programu sehemu zipi zisiingie. Faili hilo ni kama bango la "usipite hapa": halina kufuli, lakini mwandishi wa programu mwenye heshima hulifuata. Pia huipumzisha programu kati ya ombi na ombi, kwa sababu maombi maelfu kwa mpigo yanaweza kuilemea seva na wananchi wengine wakashindwa kuifungua.

Taarifa za watu ni jambo jingine. Kampuni ya Clearview AI ya Marekani ilikusanya mabilioni ya picha za nyuso kutoka mtandaoni bila ridhaa ya wenyewe, na mwaka 2022 mamlaka ya Italia ikaitoza faini ya euro milioni 20. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa mkulima, hatari iko karibu zaidi. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi na huanza na 06 au 07, hivyo ni rahisi kwa programu kuitambua ndani ya maandishi. Ukiandika kwenye ukurasa wa wazi, "Nauza mahindi gunia 40, nipigie", unamwambia tapeli mambo matatu: namba yako, mali uliyonayo, na kwamba karibu utashika fedha.

Ufanye nini?

Ukipokea bei yoyote kwenye simu, uliza maswali matano: imetoka tovuti gani, ni ya tarehe ngapi, ni ya soko lipi, ni ya jumla au rejareja, na gunia ni la kilo ngapi? Bei isiyojibu maswali hayo usiitumie kuuzia. Ukiweza, fungua tovuti yenyewe ulinganishe, au mpigie mtu aliyeko sokoni.

Tangazo la kuuza mazao liweke kwenye kundi la watu mnaofahamiana, na ulifute ukishauza. Kwa walioko Tanzania, meseji ya kitapeli ipeleke namba 15040, na piga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na vijana wa kijiji wanaojifunza kompyuta wana kazi ya kuanzia: programu inayosoma bei za masoko mawili ya karibu kila asubuhi na kuzituma kwenye kundi la chama chenu cha ushirika, ikitaja tarehe na uzito wa gunia.