Mgonjwa wa kiharusi anapopaliwa: maji ni hatari kuliko uji mzito

Mzee amepata kiharusi, yuko nyumbani. Jamaa wanamlaza chali, wanamnywesha maji kwa kikombe. Anapaliwa, anakohoa. Siku chache baadaye ana homa na anahema kwa shida. Majirani husema kiharusi kimerudi, kumbe mara nyingi ni nimonia: kile alichopaliwa kimeingia kwenye mapafu.

Msikilizaji, njia ya chakula na ya hewa zinapishana kooni. Ukimeza, kifuniko kidogo huziba njia ya hewa kwa muda kama wa sekunde moja. Misuli ikidhoofika, kifuniko huchelewa. Maji hukimbia, yanafika kabla mlango haujafungwa. Uji mzito hutembea polepole. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za mwanzo, na wapo wanaopaliwa kimyakimya bila kikohozi. Sikiliza sauti baada ya kumeza: ikiwa kama ina maji ndani, ni dalili.

Mgonjwa wa Parkinson naye hupata shida hii. Mwenye virusi vya UKIMWI anayeumia akimeza huenda ana fangasi kwenye umio. Huyo anahitaji dawa, si mazoezi.

Asiyeweza kumeza hata mate yake asipewe kitu mdomoni. Hospitali humwekea mpira wa puani. Anayeruhusiwa kula, mkalishe wima kabisa, mpe kijiko cha chai kimoja kimoja, usubiri ameze ndipo uongeze, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Uji mzito usio na mabonge, viazi vitamu vilivyopondwa au parachichi humfaa kuliko ugali mkavu au wali unaotawanyika mdomoni. Vidonge usivisage kabla ya kuuliza, maana vingine havisagwi. Mswaki asubuhi na jioni ni sehemu ya tiba, kwa sababu mate machafu nayo huingia mapafuni.

Mazoezi ya ulimi na ya kumeza kwa nguvu yapo, ila kila mgonjwa hupangiwa yake baada ya kupimwa. Wataalamu wa tiba hii ni wachache nchini. Kutoka Magole, anzia kituo cha afya, au Hospitali ya Berega au ya wilaya Kilosa, na uliza waziwazi: “Kumeza kwake kumepimwa?” Ikibidi, omba rufaa ya Morogoro mjini.